Libvirtd ilivyogoma kuwaka baada ya umeme kukatika

Umeme uliporudi, seva yetu ya Linux hapa Chake Chake iliwaka vizuri, ila mashine pepe (kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani yake) hazikuamka hata moja. Libvirtd ndiyo huduma inayozisimamia; `systemctl status libvirtd` ilionyesha "activating" (bado inawaka) tu, na `virsh list`, amri ya kuziorodhesha, ikaganda kimya. Kila baada ya dakika moja na nusu systemd, msimamizi wa huduma za Linux, huikatisha libvirtd na kuianzisha upya, inakwama palepale. Wapo wanaokimbilia kufuta na kusakinisha upya. Hapa ingekuwa kazi bure.

Kilichonifungua macho ni `ps aux | grep mount`: mount.nfs, amri ya kuunganisha folda ya kompyuta nyingine kupitia mtandao (NFS), inangoja. Kumbe hazina moja ya diski (pool, mahali zinapowekwa diski za mashine pepe) iko kwenye kompyuta nyingine, na hiyo bado imezimwa. Kwa kuwa hazina imewekwa ijiwashe yenyewe, libvirtd huita mount kwanza, na NFS ikikosa jibu husubiri kama abiria wa Mkoani siku boti haiji.

Nikasimamisha huduma, nikafuta kiungo (symlink) cha hazina hiyo ndani ya `/etc/libvirt/storage/autostart` (XML yenyewe, faili la maelezo ya hazina, iko folda ya juu yake, usiiguse), nikaiwasha huduma tena. Ikaitika hapohapo. Sasa hazina hiyo naiwasha kwa mkono, `virsh pool-start`, baada ya kuipigia ping kompyuta ile kuona kama iko hewani.