Kurasa Zisizo na Namba

Jana yule kijana wangu wa kipindi cha mwisho, anayeshika kitabu kana kwamba kabebeshwa mtoto mchanga wa mtu, aliniuliza: "Mwalimu, nawe ulipokuwa mdogo ulipenda kusoma?" Nilishafungua mdomo nimdanganye. Harufu ya gundi pale mezani ikaniwahi.

Sikupenda. Maktaba nilipelekwa kwa adhabu, kwa kupiga kelele darasani. Adhabu ya ajabu hiyo, ukiifikiria. (Wapo wanaoitoa hadi leo. Nimeshawasema, nimechoka.) Kila mkutubi aliyepita alinipa kitabu "chepesi", cha watoto wadogo kuliko mimi, na wenzangu walikuwa wanakiona jalada. Basi, nilikuwa nakiweka kifudifudi na kuhesabu vigae vya sakafu.

Yule mama aliyekuja mwaka ule hakunipa kitabu. Alinipa lundo la karatasi.

"Kimeachia uzi," alisema. "Nipangie, nikigandishe." Akarudi kwenye daftari lake la kuazimisha, kanipa mgongo.

Jalada lilikuwa limebaki tupu, na kibandiko cha 597.96. Siku hizi namba hiyo naijua hata usingizini, ni ya nyoka katika mpango wa Dewey, ule wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba. Siku ile mimi nilitafuta namba za kurasa tu, nipange upesi nikacheze. Hazikuwepo. Wadudu walikuwa wamekula pembe zote za chini kama waliotumwa.

Ikabidi nisome mstari wa mwisho wa karatasi moja, kisha nitafute nyingine inayopokea. Kusoma gani huko? Nilikuwa napanga.

Moja iliishia hivi: "Akishalimeza yai zima bila kulivunja, nyoka huyu". Nukta hakuna. Nikachukua ya kwanza: "hujivua ngozi kuanzia midomoni". Maneno yanakubaliana, lakini yai limekwenda wapi? Nikachukua nyingine: "huyazungukia mayai yake na kutetemesha misuli ili yapate joto". Amelimeza, sasa tena anayaatamia? Nilicheka peke yangu. Kengele ikalia. Wenzangu wakapita dirishani wakiniita, nikawapungia mkono watangulie. Nikageuza, nikajaribu, nikarudisha. Karatasi ya sita au ya saba, yenye picha ya taya zilizoachama kupita kiasi, ilianza: "hulipasua kwa ncha za mifupa ya uti wa mgongo zilizochomoza kooni, humeza ute na kiini, kisha hulitema ganda".

Nilijishika koo.

"Mwalimu, kumbe analitema!"

"Nani?" aliuliza bila kugeuka.

Nikaanza kumweleza. Kila nilichoeleza alikiulizia swali, na majibu yalikuwa kwenye karatasi ambazo sijazifikia, ikabidi nizifikie.

Mengine yalikwenda haraka. Niliazima kile kitabu kikiwa bado kinanuka gundi, nikaazima kingine, miaka ikapita, na leo nimekalia kiti kama chake. Nikisomea ukutubi nilikutana na sheria za maktaba za Ranganathan, mkutubi wa India, za mwaka 1931, mojawapo ikisema kila kitabu kina msomaji wake. Darasa zima likaandika. Mimi nikawakumbuka wale wadudu.

Je, alinitega? Kuna siku naapa alinitega. Kuna siku naona alikuwa tu mtu mwenye kazi nyingi aliyeletewa mtoto asiye na kazi. Sikuwahi kumuuliza, na hakuna tena wa kumuuliza.

Ndiyo maana jana, badala ya kumjibu kijana wangu, nilimpa lundo. Namba nilizikata mwenyewe kwa mkasi, Mungu anisamehe, ingawa kitabu kilishafutwa kwenye rejesta. Nikampa mgongo, nikajifanya naandika.

Hazikupita dakika tatu.

"Tayari, Mwalimu."

Nikakagua. Zote sawasawa, ya kwanza hadi ya mwisho. Moyo ulinidunda. "Umejuaje?"

"Doa la maji," alisema. "Mwanzoni kubwa, halafu linapungua pungua."

Hakuwa amesoma hata neno moja. Alichukua begi lake, akaaga vizuri, akaenda.

Leo tangu asubuhi nazunguka kwenye rafu nikitafuta kitabu kibovu ambacho hakijawahi kulowa.