Msitu wa kila mtu: nilivyompata kulungu wangu wa kwanza Michigan

Kambini Nyarugusu, kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, Tanzania, nyama ya porini haikuitwa nyama, iliitwa mchicha. Ilikuja usiku, ikapikwa usiku, na kukipambazuka sufuria zilikuwa zimeshaoshwa zamani. Nilizaliwa humo kambini mwaka 2003, wazazi wakiwa wamevuka Ziwa Tanganyika kutoka Fizi, Kongo, na nilikua nikijua kwamba anayekutwa na mguu wa swala hulala rumande. Sasa siku mzee mmoja jirani yetu hapa Grand Rapids, mzungu mstaafu, aliponiambia kuna msitu mkubwa mwendo wa saa moja kaskazini, ni wa umma, na naweza kuingia na bunduki nikawinda bila kumpigia mtu hodi, nilicheka. Nilidhani Kiingereza changu kimenichenga.

Hakikunichenga. Unaitwa Msitu wa Taifa wa Manistee. Unashika barabara ya M-37 hadi karibu na mji mdogo wa White Cloud, kisha unakata kwenye njia za mchanga. Ardhi yenyewe ilifyekwa miti yote enzi za wakata mbao, wakaja wakulima wakashindwa na ule mchanga, wakaondoka. Serikali ikapanda misonobari miaka ya 1930, na mpaka leo unaiona imejipanga mistari kama wanafunzi wa gwaride. Wenzangu kazini huwinda kwenye mashamba ya babu zao. Babu yangu mimi aliwinda kwa nyavu na mbwa milima ya Itombwe, na hakuniachia shamba Michigan. Kwangu ilikuwa msitu wa umma au niache kabisa.

Karatasi hazikunisumbua kama nilivyohofia. Wakati huo nilikuwa na kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu, na ilitosha. Leseni ya msingi ilikuwa dola 11, ya kulungu dola 20. Kabla ya hapo lazima usome kozi ya usalama wa uwindaji ikiwa umezaliwa tarehe 1 Januari 1960 au baadaye. Ishikeni hiyo tarehe, nitairudia. Katika kozi nzima lililoniingia ni moja: usifyatue mpaka umjue mnyama, na ujue pia kilichopo nyuma yake. Bunduki aliniazima mzee, ya risasi za .30-30, na akanipeleka uwanja wa shabaha Jumamosi tatu mpaka nikaacha kufumba macho kila inapolia.

Mama hakufurahi hata kidogo. "Sisi tumekimbia bunduki, wewe unaifuata?" Baba hofu yake ilikuwa nyingine. Aliniambia, mwanangu, wewe ni kijana mweusi, umeshika bunduki, uko porini alfajiri, nani atakuuliza jina kwanza? Sikuwa na jibu. Nilimwonyesha kizibao changu cha rangi ya chungwa inayowaka, ambacho sheria inakulazimisha uvae, hicho au kofia ya rangi hiyo hiyo, nikamwambia nitaonekana kutoka mbinguni. Akanyamaza, lakini hakuridhika.

Msimu wa bunduki huko unafunguliwa tarehe 15 Novemba kila mwaka, iwe Jumapili iwe Jumatano, na unafungwa tarehe 30. Tarehe 15 ni kama sikukuu. Kuna shule zinazofungwa kabisa. Mwaka 2021 ilikuwa Jumatatu. Nilifika saa kumi na moja alfajiri nikidhani nimewahi, nikakuta pikapu kumi na nne zimeshapangwa kwenye kijiwanja cha kuegeshea. Nikaingia porini hatua mia mbili, nikaketi chini ya mwaloni wa kwanza ulionipendeza. Sheria inaruhusu kupiga nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Muda ulipotimia, milio ikaanza pande zote, mbali na karibu, kama mtu anavunja mbao. Mimi sikuiona vita, nilisimuliwa tu. Lakini pale nilimwelewa mama kuliko siku zote alizosimulia.

Siku nne nilikaa, nikaona kindi, nikaona ndege, nikaona migongo ya wawindaji wengine. Kulungu hakuna.

Hapa nifungue mabano kuhusu jina, maana nyumbani tulibishana sana. Mimi nasema kulungu. Shangazi anasema kulungu ni yule mnyama wa kwetu wa msituni, na huyu wa hapa ana pembe za matawi anazozidondosha kila mwaka, hivyo ni mnyama mwingine. Mama akasema huyo ni ayala wa kwenye Zaburi. Nadhani mama ndiye mwenye haki, lakini jaribu kumwambia rafiki yako "nakwenda kuwinda ayala" uone kama hatadhani umeanza kuhubiri.

Msimu wa pili, 2022, niliwaona. Wao walininusa. Jike alikuja moja kwa moja kuelekea kwangu, akasimama hatua kama themanini, akainua pua, akapiga chafya kali ile ya kuwaonya wenzake, akainua mkia mweupe kama bendera, wakatoweka wote watano. Nilimweleza mzee. Akanivuta karibu, akaninusa bega, akauliza: "Hiki ni nini?" Koti langu lilikuwa linatundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, na nyumbani kwetu ndagala, yaani dagaa, hukaangwa mara tatu kwa wiki. Nilikuwa nimeingia porini nikinuka soko la Kigoma.

Tangu hapo koti likakaa nje kwenye kibanda, ndani ya mfuko. Mzee akanionyesha pia magugu fulani ambayo tumba lake likikauka linatoa nyuzi laini mfano wa sufi. Unaachia uzi mmoja, unautazama unakokwenda. Nilishangaa. Hewa niliyoamini imetulia ilikuwa inabeba harufu yangu, inazunguka kilima, inarudi bondeni. Msimu ule nilijifunza upepo, basi. Halafu theluji nzito ya kutoka Ziwa Michigan ikatumwagikia kabla hata wiki ya kwanza haijaisha, nikakwama nyumbani.

Mambo mawili mengine ya mwaka ule siyasahau. La kwanza, nilifika alfajiri chini ya mti niliokuwa nimeuchagua wiki mbili nzima, nikakuta mtu ameketi. Nilikasirika kama mtu aliyekuta mgeni kitandani kwake. Yeye akanipungia tochi taratibu, bila neno. Ilinibidi nigeuke. Mti ni wa umma. Huruhusiwi kuujengea kibanda cha kudumu, wala kuupiga misumari, na hata ukiacha kihema chako cha kuvizia hapo chini lazima kiwe na maandishi ya kukutambulisha, na bado hakikupi haki ya pale mahali.

La pili, askari wa wanyamapori. Nilikuwa narudi kwenye gari jioni, bunduki imeshatolewa risasi, nikaona taa. Miguu iliniisha nguvu. Kichwani zilinijia sura za askari wa geti la kambi. Nikasimama, nikaweka mikono mahali pa kuonekana, nikangoja. Akaniuliza leseni, akaitazama, akatazama bunduki kama ni tupu, akauliza umeona chochote. Nikasema mikia tu. Akacheka, akanitakia heri, akaondoka. Nilikaa ndani ya gari dakika kumi kabla ya kuweza kuliwasha. Ningependa kusema hofu iliisha siku ile. Ilipungua.

Kilichogeuza mambo hakikuwa bunduki wala nguo za bei. Ni matembezi ya Machi 2023, theluji ikiwa inayeyuka, majani hayapo, msitu mzima uko uchi. Nilitembea wikendi nne bila silaha. Wakati ule njia za kulungu zinaonekana wazi kama njia za mbuzi kwenda kisimani, na nilichokiona kilinifedhehesha. Ndani ya kilomita moja kutoka barabarani, nyayo zilikuwa chache, na nyingi ni za usiku, za kwenda kula matunda ya mialoni. Ng'ambo ya kinamasi kimoja chenye mierezi iliyosongamana, ambako hakuna mtu anayetaka kulowa magoti, palikuwa na malalo juu ya kila kitutu kikavu, mavi mabichi, na miti iliyochubuliwa na pembe. Wanyama walikuwa wanaiacha misonobari yote kwa wenye pikapu, wao wanahamia kwenye tope. Watu husema msitu wa umma hauna kulungu. Wamo. Ila tarehe 15 saa moja asubuhi wanajua zaidi yetu ni wapi hapana watu.

Jambo lingine la kuangalia: Manistee haukushikana. Ni viraka, kiraka cha serikali, kiraka cha mtu binafsi. Ukivuka mpaka wa mtu bila ruhusa umevunja sheria, hata kama mnyama uliyempiga ameangukia huko. Nilipakua ramani ya mipaka kwenye simu, nikachagua mahali ambapo hata akikimbia hatua mia tatu upande wowote bado tuko kwa umma. Chambo sikufikiria, kwenye rasi yote ya chini ya Michigan kilikuwa kimepigwa marufuku tangu 2019 kwa sababu ya ugonjwa wa kulungu.

Msimu wa 2023 siku ya ufunguzi sikuenda. Niliwaachia wenye haraka. Nilikwenda Jumamosi ya tarehe 25, nikiwa nimetoka zamu ya usiku kiwandani, jambo ambalo simshauri mtu. Nikavaa mabuti ya mpira, nikavuka kinamasi gizani huku maji ya barafu yakiingia buti la kushoto. Niliketi mgongo kwenye mwerezi, nikaachia nyuzi mbili tatu za sufi. Zikaenda kinamasini nilikotoka. Vizuri.

Jike alitokea saa mbili na robo. Hakutokea, kwa kweli. Alikuwa yupo tu, kama vile kichaka kimeamua kuwa na masikio. Nilikuwa na leseni ya wasio na pembe. Hatua sitini. Nyuma yake kingo ya kilima, udongo mtupu. Nilisikia moyo kwenye meno. Nikangoja ainamishe kichwa, nikangoja ageuze ubavu, nikafyatua.

Akaruka, akakimbia. Mzee alikuwa ameniapisha: usimfuate nusu saa. Ile nusu saa ilikuwa ndefu kuliko misimu miwili. Nilipoinuka nikakuta damu kwenye nyasi, nyekundu yenye povu, alama ya mapafu, na hatua tisini mbele amelala amekunja shingo. Nilikaa karibu naye kwanza. Nilitaka kusema kitu, nikasema asante. Kisha nikamfunga karatasi ya leseni, kwa sababu hiyo hufanywa pale pale kabla ya lolote.

Kumpasua hakukunishinda. Mtu aliyeshika miguu ya mbuzi kila Krismasi anajua kibofu kiko wapi na kwa nini usikitoboe. Tofauti ni kwamba wenzetu hapa huyaacha matumbo porini. Mimi nilitia mfukoni ini, moyo, na tumbo nililolisuuza kijitoni mpaka vidole vikafa ganzi. Halafu kamba, na kumburuta kurudi ng'ambo ya kinamasi. Saa mbili na nusu. Nilianguka mara tatu, mara ya tatu nikabaki nimelala namtazama kulungu, kulungu ananitazama, nikawaza kwamba sasa naelewa kwa nini watu huegesha hatua mia mbili.

Nilimwandikisha kulungu wangu kwenye simu siku ile ile. Una saa 72 za kutoa taarifa ya windo lako. Nyumbani ndiko kulikozuka kesi. Baba alitaka kichwa kwa supu. Nikamweleza kuna ugonjwa unaowakondesha kulungu mpaka kufa, umeonekana hata katika wilaya yetu hii ya Kent, na ingawa haujajulikana kumwambukiza binadamu, tunashauriwa tusile ubongo wala uti wa mgongo, na nyama ya mnyama mgonjwa isiliwe. Kichwa kikaenda kupimwa. Baba alikisindikiza kwa macho mpaka garini. Nyama tukaigandisha mpaka majibu yalipotoka kwamba hana ugonjwa.

Mama alipika Jumapili baada ya ibada, kwa sombe, yaani kisamvu, na bugali, milango wazi. Shangazi akaonja, akauliza kilo ni bei gani, anao wanunuzi wanne. Nikamwambia nyama ya mwituni hapa haiuzwi, unagawa tu. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu aliyekosa biashara mbele ya macho yake, kisha akafungasha bakuli mbili za kugawa.

Baba alikula kimya. Alipomaliza akaniuliza, ile leseni, mzee wa miaka yangu wanampa? Nikamwambia wanampa, ila kozi kwanza, labda uwe umezaliwa kabla ya Januari mosi 1960. Akaenda chumbani, akarudi na kitambulisho. Mnajua sisi wakimbizi tulivyoandikwa: kambi nzima imezaliwa Januari mosi. Yake inasoma 1 Januari 1960. Siku moja tu.

"Mama yangu alisema nilizaliwa mahindi yakiwa magotini," akasema. "Hiyo si Januari. Ni mwaka 1959." Tangu siku hiyo anatafuta shahidi.