Kumsaka babu wa Kiairishi, Philadelphia mpaka Virginia

Mume wangu ni mtu wa Virginia, na mama yake kwa muda mrefu ana hamu moja tu, kujua babu yao wa kwanza alitoka wapi huko Ireland. Hadithi ya ukoo inasema alikuja enzi za koloni, hana hata nauli, akasaini mkataba wa kutumika bure miaka kadhaa ili alipiwe meli. Basi mume kazi zimembana, na mimi mkwe wa kutoka Tanga ndo nikawa dereva.

Tulianzia Philadelphia. Mi nilidhani tunaingia maktaba, tunaomba orodha ya abiria, tunapiga picha, tunaondoka. Kumbe orodha yenyewe hamna! Wajerumani walioshuka pale kuanzia 1727 waliandikwa majina kwa sababu walikuwa wageni, ikabidi waapishwe utii kwa mfalme wa Uingereza, ila Mwairishi tayari ni raia wa mfalme huyohuyo, anashuka zake anaingia mtaani, nani amwandike? Na ukisema uanzie Ireland, jengo la kumbukumbu pale Dublin liliungua 1922 kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, makaratasi ya karne na karne yakaenda na moto. Kuhusu meli tulichoambulia ni kwamba nyingi zilikuwa za biashara ya mbegu za kitani, zinapeleka mbegu Ireland wakalime wafume nguo, na kwenye kurudi zinajaza watu.

Tukahamia kwenye nakala za Pennsylvania Gazette, gazeti la Benjamin Franklin, maana lina matangazo kibao ya watumishi waliotoroka. Katoroka mtumishi wa Kiairishi, umri huu, koti la rangi hii, ana kovu usoni, anapenda pombe, atakayemleta atapewa zawadi. Mama anasoma anacheka mpaka machozi, anasema akimpata babu humu atamwekea fremu ukutani. Mi kicheko kiliniishia njiani, kwa sababu gazeti hilohilo linatangaza watu weusi wanauzwa, na hao hawana mkataba wa miaka minne wala saba, ni maisha yao yote pamoja na watoto watakaozaliwa. Nikamwambia Mama hivyohivyo. Akavua miwani akasema, "Kweli mwanangu, na haya hatukufundishwa shule." Wale wanaopenda kubishana mitandaoni eti Waairishi nao walikuwa watumwa, gazeti lipo, wakalisome.

Babu hakuwemo.

Tukashika barabara. Waairishi wa kipindi kile, wengi wao Wapresbiteri, yaani Waprotestanti wa Ulster kaskazini mwa Ireland, walishuka na Great Wagon Road, njia iliyofuata mapito ya wenyeji wa asili, inatoka Philadelphia inapita Lancaster na York inaingia bonde la Shenandoah, na leo sehemu kubwa ya bondeni unaifuata kwa barabara kuu ya I-81. Malori matupu, yaani malori mbele, malori nyuma. Lancaster tulisimama kwenye kanisa la Donegal, jina limetoka Ireland moja kwa moja, Mama akazunguka makaburi yote, hola.

Staunton, mji wa bondeni humo, ndo nilipapenda. Kuna makumbusho ya mashamba, nyumba ya mkulima ya mawe imetolewa County Tyrone huko Ireland ikajengwa upya pale, na hatua chache tu kuna boma la Waigbo wa Afrika Magharibi, kwa sababu nao waliletwa Virginia karne hiyohiyo. Mama alikaa Tyrone, mi nikakaa kwa Waigbo, tukakutana getini.

Mzee mmoja wa pale ndo akatufungua macho, akasema mnahangaika na meli bure, maskini mtafuteni kwenye ardhi na madeni, karatasi hutunzwa palipo na pesa. Virginia ilikuwa inatoa haki ya ekari 50 kwa kila kichwa kilicholetwa koloni, anapewa aliyelipa nauli, ila lazima uende mahakamani uape. Na Staunton ilipata mahakama 1745, kabla ya hapo watu wa bondeni walivuka milima ya Blue Ridge mpaka mahakama ya Orange. Haya, tukavuka na sisi.

Na yumo kwenye daftari la mahakama! 1740, kaapa kwamba kajileta yeye, mkewe na watoto kutoka Ireland mpaka Philadelphia na kutoka huko mpaka koloni hili, kwa gharama zake mwenyewe. Mama alishika meza. Kijiji hakijatajwa, imeandikwa Ireland basi, ila ile hadithi ya kukosa nauli ikawa imeingia doa, na nikamwona anavyojivuna, kwa gharama zake, umesikia, kwa gharama zake.

Halafu nikaendelea kusoma mstari unaofuata. Haki yake ya zile ekari kamwachia mtu mwingine.

"Kauza?"

"Inaonekana hivyo, Mama."

Njia nzima ya kurudi alikuwa anapiga hesabu ekari hizo leo zingekuwa shilingi ngapi, sorry, dola, na babu alipewa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.