Soda ya Ndimu na Aiskrimu, Idi ya Machi 2025

Mwisho wa Machi Mombasa, Kaskazi imelegea na Kusi bado haijaingia. Joto hupanda hadi nyuzi 32 au 33, hewa ni nzito, na jasho halikauki. Idi ya Mfunguo Mosi mwaka 2025 iliangukia papo hapo. Shangazi, ambaye wageni wake wa Mji wa Kale huwapa sharbati miaka yote, akaamua kuwa mwaka ule wajukuu watapewa floti: soda ya ndimu, aiskrimu ya vanila ikielea juu. Gilasi 12, baada ya chakula cha mchana.

Ndimu zilitoka Marikiti. Shangazi hakuangalia ukubwa. Alizipima kwa mkono, akachukua zile ndogo zenye ganda jembamba, laini, zilizo nzito kuliko zinavyoonekana. Ndimu yenye ganda nene la vinundu huwa na nyama nyeupe nyingi na maji machache. Machungwa aliyachagua ya kijani, na hapo muuzaji alikubaliana naye: chungwa la pwani huiva ndani huku ganda likibaki kijani, kwa sababu usiku wa huku hauna baridi ya kuligeuza rangi. Ukilikwaruza kwa ukucha likanukia, limeiva vya kutosha.

Kipimo kilikuwa hiki: ndimu 6, machungwa 2, sukari gramu 300, maji kikombe kimoja cha mililita 250, na chumvi kidogo tu ya kushika kwa vidole viwili. Shira inayopatikana inatosha gilasi 12 na ziada.

Shira ilipikwa usiku wa kuamkia Idi, sufuria ikiwa imepakana na ile ya shira ya kaimati, na tofauti ya hizo mbili ndiyo iliyonifunza zaidi. Shira ya kaimati hupikwa mpaka ishike vidoleni. Hii ya floti haitakiwi kushika hata kidogo. Sukari ikishayeyuka, iache ichemke dakika 4 au 5, kisha uiepue. Ikiwa nzito, itazama chini ya soda baridi na kukaa huko, na mnywaji atapata utamu mtupu kwenye funda la mwisho.

Baada ya kuiepua ndipo yakaingia maganda. Shangazi aliyakwaruza kabla ya kukata matunda, maana ndimu iliyokwisha kukamuliwa haikwaruziki. Alipitisha kila tunda mara moja tu mahali pamoja, akaligeuza, akapitisha tena, mpaka likabaki na madoa meupe huku na huku. Mafuta yenye harufu yako katika ile ngozi ya rangi. Nyeupe iliyo chini yake ni uchungu mtupu. Vile vipande vilipotua juu ya shira ya moto vilitoa duara dogo dogo za mafuta, ziking'aa chini ya taa, na jikoni pote pakanukia ndimu kuliko kaimati. Akafunika dakika 20, akachuja. Ukiyachemsha maganda pamoja na sukari, harufu nyingi hupotea na mvuke.

Maji ya ndimu na machungwa yalikamuliwa asubuhi, yakachujwa, yakamiminwa kwenye shira iliyokwisha kupoa. Hayapikwi, kwa kuwa moto huyaondolea ule ukali safi. Wala ndimu haikamuliwi mpaka ganda lipondeke, kwa maana uchungu hutoka pamoja na maji.

Aiskrimu ilikuwa na shida yake. Friza ilijaa nyama ya sikukuu na mlango ulikuwa haufungwi ukatulia. Debe la lita 2 likawekwa ndani ya ndoo kubwa yenye kifuniko, likazungushiwa barafu iliyopondwa, kilo 6 hivi, iliyochanganywa na kilo moja na nusu ya chumvi ya mawe. Wengi huweka barafu peke yake, kisha wakashangaa kukuta uji. Barafu tupu ikiyeyuka hubaki nyuzi 0, na katika nyuzi 0 aiskrimu imekwisha kuyeyuka. Chumvi ndiyo inayoshusha baridi hiyo kupita nyuzi 10 chini ya sifuri. Kifuniko cha debe lazima kibane vizuri, maana tone la maji ya chumvi likiingia, aiskrimu imeharibika. Na ikiyeyuka usiigandishe tena, kwani itakuja na chembe za barafu zinazokwaruza ulimi.

Soda ilikuwa ya maji, isiyo na sukari, iliyolala kwenye friji. Soda ya moto hutoa gesi yake nyingi pale unapofungua, kisha ikaiyeyusha aiskrimu. Ukiwa na soda tamu ya limau, punguza shira iwe nusu.

Binamu yangu aliitangulia ile ya kwanza. Akatia mabonge mawili ya aiskrimu, akamimina soda kutoka juu. Povu likapanda, likafurika, likajaza sinia.

"Si hivyo, mwanangu," shangazi akamwambia. "Soda kwanza. Ingoje itulie, ndipo uipandishe aiskrimu."

Aiskrimu ina chembe za barafu na vishimo vya hewa, na gesi ya soda hupata hapo mahali pa kutokea kwa wingi. Kisha maziwa yanalishika povu lisipasuke. Nyuzi za kitambaa zilizobaki ndani ya gilasi hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana gilasi zake zilisuuzwa na kupoozwa bila kufutwa.

Akatengeneza nyingine polepole ili binamu aone. Vijiko 3 vya mezani vya shira. Soda kidogo, akakoroga. Akainamisha gilasi, akateremsha soda iliyobaki ubavuni, jumla mililita 150 hivi, akaacha vidole vitatu juu. Povu lilipotulia akachovya kijiko katika maji ya moto, akakikung'uta, akachota bonge gumu na kulilaza juu ya soda, la pili kando yake. Mwisho, ganda bichi la ndimu lililokwaruzwa, kidogo tu. Baada ya hapo hakuna kukoroga.

Kukoroga ndiko kunakokatisha maziwa. Protini ya maziwa huanza kugandamana uchachu ukifika pH 4.6 hivi, na maji ya ndimu yako karibu na 2; katika kipimo hiki namba ikishuka, uchachu umezidi. Soda na shira huyapunguza makali, lakini aiskrimu ikishayeyuka yote ndani yake, vijichenga vyeupe huonekana chini. Havidhuru, ila havipendezi, na mgeni atadhani maziwa yameharibika. Kwa hiyo shangazi hakuzipanga gilasi 12 mezani zikingoja watu. Kila mtoto aliketi kwanza, ndipo ya kwake ikatengenezwa, akapewa na kijiko kirefu pamoja na mrija.

Shira iliyobaki ilitiwa katika chupa safi na kuwekwa friji. Wazee waliinywa jioni kwa maji baridi, vijiko 4 kwa gilasi, bila aiskrimu.