Ghala la chuma: anzia fremu ya mwisho

Ukipewa michoro ya ghala au karakana ya chuma, angalia kwanza fremu (nguzo na boriti zinazobeba paa) ya ukuta wa mwisho. Mara nyingi huwa nyembamba kuliko za katikati, kwa sababu hubeba takriban nusu ya eneo la paa wanalobeba wenzake. Kwa jengo lisiloongezwa ni sawa. Lakini biashara ikikua ukataka kurefusha jengo kwa mita 12, fremu hiyo inakuwa ya katikati na mzigo wake unakaribia kuongezeka maradufu. Kwa hiyo mwambie mhandisi mapema: fremu ya upande utakaorefushwa iwe nene kama nyingine, msingi wake uwe mkubwa vilevile, na matundu ya bolti za kupokelea papi mpya (vyuma vyembamba vinavyopita juu ya fremu na kushikilia mabati) yatobolewe kiwandani. Chuma kinachoongezeka hapo ni kidogo; kuimarisha fremu baadaye, jengo likiwa limejaa bidhaa, ni kazi ngumu mno.

Umbali wa mita 6 kati ya fremu ni wa kawaida, na papi za umbo la Z hupangwa kila mita 1.2 hadi 1.5 hivi. Kimo kipime kutoka sakafuni hadi chini ya kona ambapo nguzo hukutana na boriti, maana kona hunenepeshwa na hapo ndipo rafu na foklifti hugonga.

Makosa mengi huzaliwa kwenye bolti za msingi. Zifungwe kwenye kiolezo cha ubao au bati nene kabla ya kumwaga zege, kisha upime mishazari yote miwili, yaani kutoka kona hadi kona inayokabiliana nayo. Jengo la mita 20 kwa 36 lazima litoe mita 41.18 kwa kila mshazari. Bolti ikikaa vibaya, fundi atashawishika kuipinda kwa nyundo au kupanua tundu la sahani ya chuma iliyo chini ya nguzo kwa moto wa gesi. Mzuie. Mhandisi ndiye aamue, pengine kwa kutoboa zege na kugundisha bolti mpya. Chini ya sahani acha milimita 25 hadi 50 za kujaza saruji maalumu isiyosinyaa.

Paa la mabati ni jepesi, hivyo upepo huweza kulinyanyua, na mara nyingi uzito wa msingi huamuliwa na nguvu hiyo kuliko na mzigo wa kushuka. Kukata mlango mkubwa baadaye hubadili hesabu, kwani upepo ukiingia husukuma paa kutoka ndani. Hatari zaidi ni kuondoa vyuma vya mshazari ili lori lipite: ndivyo vinavyozuia fremu zote zisilale upande mmoja. Ndiyo maana usimikaji huanza na fremu mbili zilizounganishwa kwa vyuma hivyo, zikazwe na zinyooshwe, ndipo nyingine zifuate. Fremu moja isiachwe usiku ikishikwa na bolti za chini tu.

Skrubu za mabati zikazwe hadi raba itulie, isifinywe ikatokeza pembeni, kwani itapasuka na maji yatapita. Vumbi la chuma lililobaki baada ya kukata na kutoboa lifagiliwe siku hiyohiyo. Likilala na unyevu hushika kutu juu ya bati jipya.