Matairi ya theluji kwenye masika ya Tanga: nilivyochagua manne ya Forester ya turbo

Magari mengi yanayotoka Japani hufika na matairi ambayo hayakutengenezwa kwa ajili ya huku. Langu, Subaru Forester XT ya 2004, turbo, nguvu farasi 220, lilifika Tanga na manne yaliyoandikwa STUDLESS ubavuni. Meno mengi, mpira mweusi tii, yanapendeza macho. Kila aliyeyaona alinisihi nisiyatoe. "Hayo ya theluji, kaka, kwenye tope la mlimani Amani yatanata kama gundi." Mwingine: "Foo wili haitelezi, vaa lolote." Wa tatu, muuza matairi, akaniambia ninunue mawili mapya niyafunge mbele, ya nyuma yatasubiri. Ushauri wote huo ni mbaya, na bado nausikia gereji kila wiki ukipewa watu wenye Forester, Legacy na Impreza. Ndiyo maana naandika.

Tairi la theluji la Kijapani limeundwa kwa ajili ya barafu. Zamani wenzetu walitumia matairi yenye misumari ya chuma. Misumari ikawa inakwangua lami na kutimua vumbi mijini, hadi mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuikomesha. Nafasi yake ikashikwa na tairi lisilo na misumari, ndilo hilo STUDLESS: Blizzak ya Bridgestone ilishaingia sokoni 1988, na iceGUARD ya Yokohama na Winter Maxx ya Dunlop ni za ukoo huohuo. Mpira wake ni laini ili usikakamae baridi ikishuka chini ya nyuzi 7, na kila jino limechanjwa mikato myembamba kama ya wembe, iende kwa mawimbi, ili ing'ate barafu na kufyonza utando wa maji ulio juu yake. Mtu wa Sapporo, kaskazini mwa Japani, akifunga tairi hilo Desemba, amefanya jambo la maana kabisa.

Lilete sasa Tanga mwezi wa Februari, lami ya saa nane mchana ambayo huwezi kuikanyaga peku. Mpira uliotengenezwa usikakamae kwenye baridi unakuwa kama ufizi. Ukikanyaga mafuta na turbo ikaamka, meno yanapinda kwanza, ndipo gari linasogea. Ukikata kona, usukani umeshakwenda na mwili wa gari unafuata nyuma yake, kama mtu anayekimbia na kandambili zilizolowa. Na yanaisha haraka mno: kwenye gari lenye nguvu unaona kingo za meno zimeliwa na kuchongoka kabla hujafika mbali.

Mvua ndiyo mbaya zaidi, na hapo ndipo watu wengi hawaamini. Wanadhani tairi la theluji ni tairi la utelezi wa kila aina. Lami iliyolowa lakini ya joto haina barafu ya kung'atwa. Inahitaji jino linalosimama imara na mifereji mipana inayopeleka maji pembeni. Meno laini yenye mikato mingi yanalala ukifunga breki, na gari linachukua umbali mrefu zaidi kusimama.

Na lile tope? Udongo mwekundu wa njia ya kupanda Amani ni mfinyanzi. Mikato ya wembe inajaa ndani ya mita chache, na tairi linakuwa kipara cha udongo. Tope linataka meno yaliyoachana, yenye nafasi ya kutema udongo kila tairi linapozunguka. Hayo ndiyo tunayoyaita kashata. Herufi M+S ubavuni, yaani tope na theluji kwa Kiingereza, zisikudanganye: mtengenezaji anaweza kuziandika kwa kutazama mchoro wa meno tu, hakuna mtihani uliofanywa. Alama yenye mtihani ni ile ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake, na mtihani wenyewe ni wa theluji.

Ukienda kwenye matairi ya mtumba, kwa hiyo, tafuta vitu hivi kwa mkono na macho. Neno STUDLESS. Chembe ya theluji. Mikato ya mawimbi kwenye kila jino. Herufi Q mwisho wa namba za saizi, maana yake kasi isizidi kilomita 160 kwa saa, wakati matairi ya kawaida ya magari ya namna hii yana H, yaani 210, au V, 240. Kisha angalia kama yapo maneno TREADWEAR, TRACTION na TEMPERATURE. Huo ni mfumo wa Marekani wa kuyapa matairi madaraja, ambao hauyahusu matairi ya theluji, kwa hiyo ukiyakosa, kagua upya kabla hujatoa hela.

Kuhusu foo wili: inakusaidia kuondoka. Kusimama, kila gari husimama kwa matairi manne na breki nne, liwe Subaru au kirikuu. Hatari ya gari lenye nguvu linalovuta kwa miguu yote ni kwamba halikupi onyo. Gari la kawaida likikanyagwa kwenye utelezi linazungusha tairi, unajua mapema kuwa njia ni mbaya. Hili linaondoka kimya, linachapa mwendo, na unafika kwenye kona na kasi ambayo matairi hayana uwezo wa kuimaliza.

Sasa yale mawili mapya ya mbele. Niliufuata ushauri wa duka lile, na ndani ya siku tatu gari lilianza kugoma. Ukikunja usukani wote kwa mwendo mdogo, kama unaingia kuegesha, gari linajizuia kana kwamba breki ya mkono imeshika, halafu linashtuka na kuachia. Sababu haina uchawi. Matairi mapya yalikuwa yameyazidi ya zamani kwa milimita 5 za meno. Milimita 5 za kimo ni kama milimita 31 za mzunguko. Kwenye kilomita 60 kwa saa gari linakwenda mita 1,000 kwa dakika: tairi la mbele lenye mzunguko wa milimita 2,084 linazunguka mara 480, la nyuma lenye 2,053 linazunguka mara 487. Hizo mara saba za ziada lazima zimalizikie mahali, na mahali penyewe ni klachi za ndani ya gia boksi zinazogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Zinasuguana dakika zote, hata barabara ikiwa imenyooka, mafuta ya gia boksi yanachemka, na klachi zinaungua. Bei ya kuzifungua ni zaidi ya matairi manne. Kipimo kinachofuatwa kwa Subaru ni tofauti isiyozidi robo ya inchi kwenye mzunguko, milimita 6 na kidogo, ambayo ni milimita 1 tu ya meno. Niliyatoa mawili yale siku ileile nilipoelewa.

Tatizo likawa kupima. Milimita 1 ya meno huwezi kuiona kwa jicho, na dukani hawana kifaa. Futi ya fundi cherehani ina sentimita 150, haizunguki tairi. Ile ya chuma ya mafundi ujenzi haikubali kulala kwenye meno, inajikunja na kuruka. Kamba ya katani inavutika, kila ukiivuta inakupa jibu jipya. Nikajaribu waya wa umeme, nao unarefuka ukikaza.

Kilichofaa ni ule mkanda wa plastiki wanaofungia maboksi na marobota, mgumu, bapa, upana wa kidole. Hauvutiki. Kata mita mbili na nusu. Inua tairi kwa jeki liache ardhi kabisa, maana tairi lililobeba gari limebonyea chini na halipimiki. Futa meno, toa kokoto. Zungusha mkanda katikati kabisa ya meno, si pembeni, uukaze kwa mikono miwili hadi ukae bila kulegea, kisha ncha ipite juu ya mkanda wenyewe na upige alama kwa kalamu ya wino mzito pale ncha ilipoishia. Andika pembeni: MK kwa mbele kulia, MS kwa mbele kushoto, NK, NS. Tumia mkanda huohuo kwa matairi yote manne, upepo wote ukiwa sawa. Ukimaliza, unautandaza sakafuni na unasoma: alama nne kwenye mkanda mmoja, na umbali kati ya ya kwanza na ya mwisho ndiyo tofauti yako. Huhitaji hata kujua mzunguko kamili ni milimita ngapi. Alama zikikaa ndani ya milimita 6, endesha. Zikizidi, umejua ni lipi.

Uzuri wake ni kwamba mkanda unaingia mfukoni. Tairi moja likichanika ubavuni, na huna sababu ya kununua manne, unakwenda nao kwenye mtumba, unazungusha kwenye tairi lililojazwa upepo, na unachukua lile tu ambalo alama yake inaangukia kwenye kundi la matatu yako. Wauzaji wa mtumba wa Ngamiani, hapa Tanga, mwanzoni walinitazama tu. Mzee mmoja kati yao akaniambia, "Mwanangu, hebu nikatie na mimi wa kwangu." Sasa anapanga matairi yake kwa jozi za mkanda.

Kuchagua manne mapya hakukuwa kugumu baada ya hapo. Saizi ya gari ni 215/60R16, ambayo Crown na Mark X nyingi huivaa, kwa hiyo Tanga inapatikana. Watakusukumia 215/65R16 kwa kuwa wanayo mengi. Yanaingia, lakini tairi linakua karibu sentimita 2 kwa kipenyo, na mshale ukisoma 100 wewe uko 103. Tena siku moja ukipachika 65 moja kati ya 60 tatu, umerudi kwenye klachi. Nilitaka namba 95 baada ya saizi, yaani kilo 690 kwa tairi, herufi H au V, TRACTION A (daraja la kushika lami iliyolowa), na mifereji minne mipana inayozunguka tairi zima bila kukatika. Mvua za Machi hadi Mei zinatuama kwenye lami ya njia ya Segera, na mifereji hiyo ndiyo inayozuia tairi kuelea juu ya maji. Kashata sikuchukua. Ninapanda Amani mara chache kwa mwaka, lami naikanyaga kila siku, na kashata kwenye lami iliyolowa haina mpira wa kutosha unaogusa chini. Anayekaa Amani achague kinyume changu.

Tarehe ya kutengenezwa soma kwenye tarakimu nne mwisho wa maandishi ya ubavuni yanayoanza na DOT: 1224 ni wiki ya 12 ya 2024. Wakati mwingine hazipo upande wa nje wa tairi, inama utazame upande wa ndani. Dukani walinitolea manne ya jina moja, matatu ya mwaka uliopita na moja la miaka mitano nyuma. Nililikataa, wakaleta lingine. Yote yalikula milioni moja na chenji.

Kufunga, kitu kimoja tu cha kusimamia: nati. Za Subaru ni milimita 12 kwa uzi wa 1.25, kichwa cha 19. Za Toyota ni 12 kwa uzi wa 1.5, kichwa cha 21, na ndizo zimejaa kwenye makopo ya gereji. Ya Toyota inaingia mizunguko miwili kwa mkono, halafu mashine ya upepo inailazimisha na uzi wa stadi, ile bolti inayopokea nati, umekwisha. Anzisha kila nati kwa vidole hadi ifike mwisho, kisha kaza kwa mpangilio wa nyota, kama kilo 10 kwa mita (kgf·m) kwa spana yenye kipimo. Rudia kukaza baada ya kilomita 50.

Upepo pima alfajiri, gari halijatembea. Stika ya mlangoni upande wa dereva imeandikwa kPa: ukiona 220, hiyo ni psi 32, na 200 ni 29. Wapo wanaopunguza upepo wakati wa masika ili "tairi lishike". Kwenye lami ni kinyume chake, tairi lililolegea linajikunja katikati, mifereji inajibana na maji yanakosa pa kupita. Kupunguza ni kwa tope tu, na ukitoka kwenye tope unajaza.

Tairi la akiba jembamba lililokuja na gari lina mzunguko wake tofauti. Kwa Forester hii ya otomatiki kuna kisanduku chini ya boneti kimeandikwa FWD: chomeka fyuzi humo, taa ya FWD itawaka kwenye dashibodi, na gari litavuta kwa mbele peke yake mpaka uitoe. Hilo jembamba lifungwe nyuma. Pancha ikiwa ya mbele, hamisha tairi zima la nyuma lije mbele kwanza. Mwendo usizidi 80.

Aprili niliteremka kutoka Soni kwenda Mombo mvua ikinyesha, gia ya pili, breki za kugusa tu kabla ya kila kona. Gari lilikaa kwenye mstari wake hadi chini, na kwenye zile kona ambazo maji ya mlimani yanakatiza lami usukani haukuwa mwepesi hata mara moja.

Kila kilomita 8,000 nabadilisha ya mbele na ya nyuma, na kila nikibadilisha nazungusha mkanda. Wa sasa una safu tatu za alama. Safu ya mwisho, baada ya kilomita 24,000, MK na NS zimepishana kwa milimita 3, na zile mbili nyingine ziko katikati yake.