Kibao cha funguo bado kinanata: kuharakisha rangi kwenye vitu vidogo vya mbao

Kibao cha mbao cha kutundikia funguo, kilichopakwa rangi, kikilala usiku kucha na asubuhi bado kinashika alama ya kidole, mara nyingi kosa lilifanyika mwanzoni. Rangi ilipakwa nene, au mbao ilikuwa mbichi, au vyote viwili. Feni na draya vina kazi yake, ila havirekebishi mwanzo mbaya.

Soma kopo kwanza. Rangi za maji, yaani emalsheni na akriliki, hukauka maji yakitoka, kisha chembe za plastiki zilizomo husogeleana na kushikamana. Hizi zinaitikia joto na upepo mara moja. Rangi ya mafuta, ile ya kung'aa inayopakwa milango, ina safari mbili: tapentaini huruka saa chache za mwanzo, halafu mafuta yenyewe hunyonya oksijeni ya hewa mpaka yawe gamba gumu. Safari ya pili ndiyo ndefu. Ukikifungia kitu kabatini kisipate vumbi, umekinyima hewa ileile inayokikausha. Kwa kazi ndogo inayotakiwa kesho, nunua akriliki. Inashikika kwa dakika 20 hadi 30 na inapokea mkono wa pili (yaani tabaka la pili la rangi) baada ya saa moja au mbili, wakati rangi ya mafuta hutaka saa 16 hadi 24 kati ya mkono na mkono.

Sasa mbao. Kipande kilichotoka kwa fundi seremala juzi huenda bado kinatoa maji. Kiweke kwenye mizani ya jikoni leo na kesho saa ileile. Uzito ukiendelea kushuka, subiri. Piga msasa namba 120, kisha 180. Kama utatumia rangi ya maji, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, nyuzi za mbao zisimame, ziache zikauke, ndipo uzikate kwa namba 240. Ukiruka hatua hii, nyuzi zitasimama ndani ya rangi na utalazimika kupaka mkono wa ziada ambao haukuwa kwenye hesabu. Ncha zilizokatwa kwa msumeno, na kingo za MDF (mbao za unga wa miti uliobanwa), hunywa rangi kama sifongo. Zipake kwanza gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ikauke, uipige msasa mwepesi.

Mtiki na mpingo ni habari nyingine. Zina mafuta yake ya asili yanayozuia rangi ya mafuta isinyonye oksijeni, kwa hiyo unaweza kungoja siku tatu na bado inanata. Futa kwa kitambaa chenye tina (kimiminika cha kuyeyushia rangi), acha tina iruke kabisa, kisha paka mkono mwembamba wa sheleki (aina ya vanishi). Sheleki huyeyushwa kwa spiriti na hukauka kwa nusu saa hivi, na rangi itakaa juu yake bila kugusana na mafuta ya mbao. Ndiyo dawa pia ya vifundo vya paini vinavyovuja utomvu.

Unene wa rangi ndio unaoamua karibu kila kitu. Mikono mitatu myembamba hukauka mapema kuliko mmoja mnene, kwa sababu mkono mnene hujifunika ngozi juu na kuacha ubichi chini. Akriliki nzito ilegeze kwa maji asilimia 5 hadi 10, yaani kijiko kimoja cha rangi kwa matone machache tu. Chovya theluthi ya brashi, ifute kwenye ukingo wa kopo, vuta rangi mpaka uanze kuona mbao kidogo kwa chini. Inaudhi macho, lakini mkono wa kwanza haupaswi kufunika. Angalia pembe na michoro ya kuchonga: rangi hutuama humo, na ndipo panaponata wakati kwingine kumekauka. Ifyonze kwa ncha ya brashi kavu.

Rangi ya mafuta ilegezwe kwa tapentaini. Mafuta ya taa ni rahisi na yako kila duka, lakini huruka polepole mno na ndiyo chanzo cha vitu vingi vinavyonata wiki nzima. Petroli isiingie kabisa kwenye kazi hii. Dawa ya kukaushia inayouzwa madukani husaidia, hasa kwa kopo la zamani ambalo nguvu yake ya kukausha imepungua, au kwa rangi nyeusi. Fuata kipimo cha kopo. Ukizidisha, juu hukauka haraka kuliko chini na uso hujikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka.

Pwani, adui mkubwa ni unyevu wa hewa. Wakati wa masika paka kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Ukipaka magharibi, umande utakuwahi. Chumbani, pasha hewa kidogo: hewa ya nyuzi 27 yenye unyevu wa asilimia 85, ikipashwa hadi nyuzi 35 bila kuongezewa maji, unyevu wake hushuka hadi karibu asilimia 54. Ndiyo maana sanduku la plywood lenye balbu ya zamani ya waya ya wati 40 (LED haitoi joto la kutosha), matundu chini na juu, linafanya kazi nzuri. Weka kipimajoto ndani, kisizidi nyuzi 40, na usiiache balbu bila mtu. Sanduku hili ni la rangi za maji peke yake. Mvuke wa tina au tapentaini ukikutana na balbu yenye moto au jiko, unaweza kuwaka au kulipuka.

Feni iwe umbali wa mita moja na nusu, mwendo mdogo, iangalie ukuta ili upepo urudi kwa upole. Futa vumbi la msasa kwanza, la sivyo utalipaka. Draya ya nywele itumie baada ya dakika kumi, hewa ya baridi au vuguvugu, sentimita 30 kutoka kwenye kitu, ikitembea muda wote. Ukiileta karibu ikiwa inapuliza hewa ya moto, hewa iliyo kwenye vitundu vya mbao hutanuka na kusukuma malengelenge. Jua kali la saa 7 hufanya vivyo hivyo, hasa kwenye rangi nyeusi. Kivuli chenye upepo ni bora.

Usikilaze kitu kwenye gazeti. Chukua kipande cha plywood, pigilia misumari ya inchi moja itokeze upande wa pili, kila kitu kikae kwenye ncha tatu. Unapaka nyuma, unageuza, unapaka mbele, na hewa inapita pande zote. Shanga za mbao zichome kwenye vijiti vya mishikaki, uvisimamishe kwenye ndoo ya mchanga.

Rangi ya kunyunyizia inaonekana ndiyo ya haraka kuliko zote, na ni kweli, ila ina mitego miwili. Makopo mengi yanasema rudia ndani ya saa moja, au ngoja saa 24. Ukirudia katikati, vimumunyisho (vimiminika vinavyoyeyusha rangi) huivimbisha rangi iliyo chini nayo inakunjamana. Na siku ya mvua, lakaya (aina ya vanishi inayokauka haraka) huweza kupata ukungu mweupe kwa sababu baridi ya mvuke unaoruka huvuta maji ya hewani. Ngoja mchana mkavu, pitisha mkono mwembamba sana wa lakaya ileile, na mara nyingi ukungu hutoka.

Kupima: gusisha shavu. Kama rangi ya maji ina ubaridi kuliko mbao isiyopakwa, maji bado yanatoka. Kisha bonyeza ukucha mahali pasipoonekana. Hata ukucha ukipita salama, akriliki huchukua wiki mbili hadi nne kukomaa, kwa hiyo usifunge kifuniko cha kisanduku wala usikiviringishe kwa nailoni mapema. Vitashikana, na ukivitenganisha rangi itabanduka. Sugua kingo za kifuniko kwa mshumaa, na kwa kufungashia tumia karatasi ya kuokea.